Mabwe Kabla ya Mvua

Jumapili, 9 Juni 2024

Ninaandika kwa sababu leo kaka yangu amenipa muda, na muda ukishatolewa ni vizuri mtu auandike mahali, asije akageuziwa maneno.

Mambo yako hivi. Ziwa limepanda na kuchukua nyumba yetu ya ufukweni hapa Kalemie. Tangu Aprili tunakaa kwenye vyumba viwili vya kupanga juu ya kilima: mimi, kaka yangu Eugène, mke wake Monique, watoto wao, na cherehani yangu. Eugène ni mvuvi. Sasa nyavu zake zimening'inia ukutani na yeye anazitazama tu. Leo baada ya misa alisema shemeji yake amemtafutia kazi Kabalo, kulinda mizigo ya treni, na kwamba tutahama sote kabla ya mvua.

Nikasema tuna ardhi Mabwe, kijiji cha bibi yetu, kule milimani ukiacha barabara ya Bendera. Hakuna wa kututoza kodi kule.

"Mabwe!" akacheka. "Kule mu kiangazi watu wanakunywa nini? Vumbi?"

"Bibi alisema kuna maji mu pango, mwisho wa korongo. Hayaishaka."

"Uliyaona?"

"Hapana, yaya," nikamjibu kaka yangu.

"Basi. Uyaone mwisho wa kiangazi, mbele ya mvua. Ukiyaona, nitakusikiliza. Usipoyaona, tunapanda treni wote, na sitaki tena kusikia hiyo Mabwe yako."

Monique alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. "Na akikulwa na nyoka kule, cherehani itabakia ya nani?"

Walicheka sana. Mimi nilikuwa tayari ninafikiria viatu.

Jumanne, 11 Juni

Nimejishonea suruali ya kitambaa kigumu, mifuko minne yenye vifungo. Monique anasema nafanana na polisi wa barabarani.

Jumamosi, 15 Juni

Sikuona korongo. Nimerudi na hasira, na ninajilazimisha kuandika kwa utaratibu.

Pikipiki iliniacha kwenye njia panda, nikapanda kwa miguu hadi Mabwe. Nyumba chache, mihogo, mbuzi wengi, udongo mwekundu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Kyungu, maana ndiye mkubwa wa kijiji, na ndiye pacha wa bibi yangu. Kwetu mapacha huitwa Kyungu na Kabange. Bibi alikuwa Kabange, akafariki zamani, na mimi nilipewa jina lake: Éliane Kabange. Nilijua kwamba anayebeba jina anambeba na mtu. Sikujua kwamba Papa Kyungu analichukulia jambo hilo kama lilivyo, bila kupunguza hata kidogo.

Alitoka ndani na fimbo. "Kabange! Njo saa hii unarudi? Uliniachia mbuzi zote za mama, ukaenda kuolewa Kalemie!"

"Babu, miye ni mujukuu..."

"Babu ni nani? Tulitoka mu tumbo moja, siku moja. Unaniita babu ili nizeeke peke yangu?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Nikatoa haraka zawadi yangu, shati nililomshonea kwa kitambaa kizuri cha buluu. Akalishika, akalitazama, kisha akachungulia ndani ya mfuko wangu.

"Ingine iko wapi?"

"Ni moja tu, Papa."

Akanirudishia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mkwe wake, Mama Séraphine, ndiye anayempikia. Alinivuta pembeni huku anashikilia mbavu kwa kicheko. "Weye mutoto wa muji, pacha hapewi kitu kimoja! Ni kumwambia mwenzake amekufa."

"Lakini mwenzake alikufa, Mama."

"Alikufa namna gani na amesimama hapa na suruali ya polisi?"

Kumbe shati la pili lilipaswa kuwa langu. Na bila neno la mzee hakuna anayeingia korongoni. Nimepoteza siku nzima kwa sababu ya mzee mkorofi.

Jumatatu, 17 Juni

Nimepata kitambaa kile kile sokoni. Nimeshona la pili, kwa vipimo vyangu.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeingia!

Lakini kwanza mashati. Nilifika nimevaa langu. Papa Kyungu akavaa lake, akasimama kando yangu, akamuuliza Séraphine kama tunafanana. Séraphine akasema yule mwenye ndevu ndiye mzuri zaidi. Mzee akaridhika kabisa, akanipeleka mwenyewe hadi mdomo wa korongo.

Nikamuuliza juu ya pango.

"Iko kule mwisho. Tulienda tukiwa watoto. Kabange alikuwa mbele. Siku zote alikuwa mbele."

"Na maji uliyaona?"

"Alisema alikunywa. Miye nilibakia inje, niliogopa." Akanitazama kwa jicho la kulaumu. "Ulinicheka mwezi muzima."

Kwa hiyo aliyeyaona maji ni bibi peke yake. Shahidi mwingine hakuna.

Halafu korongo. Nimeishi miaka yangu yote kando ya ziwa, mahali ambapo jicho linakwenda hadi linachoka. Hapa jicho linagonga ukuta pande zote mbili, na mbingu ni utepe mwembamba juu, kama pindo la kanga. Jiwe ni jekundu chini, juu ni kijivu, na limelainishwa na maji ya masika hata ukilipapasa unadhani ni shavu la mtu. Kulikuwa na baridi. Pimbi walinichungulia kutoka kwenye nyufa, wakapiga kelele, wakatoweka. Nilitembea katikati ya mkondo mkavu huku ninacheka peke yangu. Nilikuwa sijawa peke yangu tangu ziwa lipande. Nilisahau kwamba nikiwa peke yangu huwa ninaimba.

Mzee ameniwekea sharti moja: yeye atakaa pale mdomoni, kila baada ya muda ataita "Kabange!", na mimi niitikie "Niko!" Sauti inasafiri vizuri ajabu kati ya zile kuta. Niliona ni usumbufu.

Nilifika kwenye maporomoko ya mawe yaliyoziba njia yote, mawe makubwa kama nyumba. Nikarudi.

Jumapili, 23 Juni

Mapaja yanauma. Misa nimeisikiliza nimesimama, maana kukaa ni kazi na kuinuka ni kazi zaidi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimevuka maporomoko. Nilitumia asubuhi nzima nikijaribu upande wa kushoto, kisha nikaona upande wa kulia mizizi ya mkuyu imeshuka kutoka juu ya ukuta hadi chini, minene kama mkono wangu. Nilipanda kwa mizizi hiyo. Katikati mguu uliteleza, nikaning'inia. Nilishangaa kuona kwamba siogopi. Nilikuwa ninahesabu tu mahali pa kuweka mguu unaofuata, kama ninavyofanya nikikata kitambaa cha mtu mkali.

Ng'ambo ya pili korongo linageuka jingine kabisa. Ni jembamba, naweza kugusa kuta zote mbili kwa mikono. Majani ya ferni yamekauka yamekuwa rangi ya kahawa. Nikaona mlango wa pango! Nikakimbia.

Lilikuwa pango dogo, kavu, limejaa popo na harufu yao. Nikageuka nikaondoka haraka na kitambaa puani.

Sauti ya mzee ilikuwa ndogo sana kule, lakini ilifika. Niliitikia.

Jumapili, 7 Julai

Eugène: "Vipi, maji?" Mimi: "Popo." Alicheka hadi akashika nyavu zake ukutani asianguke.

Jumamosi, 20 Julai

Leo sikuingia. Nilikwenda na Séraphine na wanawake wengine kuteka maji ili nione wanayoyapata. Tuliondoka asubuhi na bidoni, madumu ya plastiki, tukarudi jua liko juu ya kichwa. Kijito ni kamba ya matope. Wanachota kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, na kila mtu anangoja zamu. Nimeelewa kwa nini Eugène anacheka. Hawezi kuleta watoto kwenye kikombe.

Wakati wa kurudi Séraphine aliniambia jambo. "Siku ukiingia kule, muzee hakulaka kitu. Nampelekea chakula, anasema Kabange hajakula. Anakaa juu ya jiwe mpaka urudi."

Nilidhani anaita kwa kunichunga kama mtoto. Sijui nilikuwa na akili gani.

Agosti

Nguo za shule. Nashona mchana kutwa. Sina hata nafasi ya kukohoa. Wanachoma mashamba kila upande, jua linatua likiwa jekundu na jivu linaanguka juu ya mashati meupe ya watu.

Jumapili, 25 Agosti

Monique ameanza kufunga vyungu. Eugène ameuliza siku za treni.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimefika mwisho wa korongo! Au nilichodhani ni mwisho. Ni ukuta mmoja mrefu, na kuta za pande mbili zinakutana nao. Hakuna njia. Nilikaa chini nikala muhogo wangu, nikautazama ule ukuta kama mtu anayetazama nguo aliyoishona vibaya bila kujua kosa liko wapi. Juu, mbali kuliko urefu wa mtu, kuna kivuli nyuma ya mizizi. Huenda ni ufa. Muda ulikuwa umekwisha.

Papa Kyungu nilimkuta amelala juu ya jiwe lake, kofia usoni. Nilikaa kando yake bila kumwamsha. Alipofumbua macho alisema tu, "Umeongeza weusi." Nikamwambia na yeye pia. Akakubali.

Jumatano, 18 Septemba

Joto. Mawingu upande wa Moba, yanakusanyika mchana, yanatawanyika jioni. Eugène anasema treni ni mwisho wa mwezi, na Jumamosi ya mwisho ni ya kufunga mizigo. Nimebakiwa na Jumamosi moja.

Jumapili, 22 Septemba, Mabwe

Ninaandika nikiwa barazani kwa Mama Séraphine, nguo zangu ziko kwenye kamba, nimejifunga kikwembe chake. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio, ingawa mkono unataka kuruka mbele.

Jana nilikwenda mapema. Mbingu ya Mabwe ilikuwa safi. Nilipanda mizizi, nikapita pango la popo, nikafika kwenye ukuta. Nilikuwa nimekuja na kamba. Nikairusha juu ya mzizi, ikarudi, nikairusha tena. Ilipokamata nilipanda huku magoti yanakwaruzika, nikaingiza kichwa nyuma ya mizizi.

Hewa ya baridi ilinipiga usoni.

Nikaingia kwa tumbo. Mwanzo ni pembamba, kisha panafunguka, na nikasimama wima. Nikasema "Hodi," maana nilimkumbuka bibi, na kwa sababu sikujua neno lingine la kusema. Tochi yangu ilionyesha dari iliyochongoka kama meno, na sakafu ya mchanga. Nikasikia tone. Likaja tone jingine. Nikafuata matone, polepole, na mwanga wa tochi ukaanguka chini ukakatika: sakafu ilikuwa imegeuka kuwa dari ya pili, imetulia. Ilikuwa maji.

Nilipiga magoti nikanywa kwa mikono. Yalikuwa matamu, baridi ya kuuma meno. Nilijaza chupa. Nikapiga kelele, nikacheza pale mchangani peke yangu, namshukuru Mungu na bibi kwa pamoja, bila kujua ninamalizia wapi kwa mmoja na ninaanzia wapi kwa mwingine. Tarehe ishirini na moja Septemba, na maji yapo!

Kelele zangu zilipokwisha nilisikia nyingine. Nilidhani ni mwangwi. Ilikuwa kama mtu anaburuta kitambaa kizito, kisha vitambaa vingi. Nilirudi mdomoni mwa pango. Mbele ya mizizi yalikuwa yanaanguka maji mekundu kutoka juu ya ukuta, na majani, na matawi. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, mahali ambapo mimi nikiwa chini siwezi kuona. Chini yangu, pale nilipokuwa nimekula muhogo siku ile, kulikuwa na mto.

Nilijiambia: kaa, Éliane. Pango liko juu. Maji ya namna hii yanapita, kesho utashuka.

Ndipo nikakumbuka kwamba kuna mtu mdomoni mwa korongo ambaye hatakaa. Ataita, nami sitaitikia. Ataita tena. Kisha atachukua fimbo yake na kuingia kunitafuta, na ule mto utamkuta njiani.

Nilipiga kelele "Niko!" hadi sauti ikaniisha. Nilisikia maji tu.

Hapo nikafikiria ile hewa baridi iliyonipiga usoni. Pango lililozibwa halipumui. Hewa ilikuwa inatoka nyuma, ng'ambo ya maji. Nikafunga chupa mfukoni, kifungo juu yake, nikaingia. Maji yalifika magotini, kisha kiunoni. Kitu kiliniparuza mguu, kidogo, kikaondoka. Nikasema "Samahani" na kuendelea. Tochi ilianza kuwa ya njano. Upande wa pili kulikuwa na njia ya kupanda, imejaa mawe madogo na mifupa, ambayo ilinitisha hadi nilipoona pembe: mifupa ya mbuzi. Na juu ya mifupa, vitobo vya mwanga, vingi, kama nuru inayopita kwenye kikapu.

Ilikuwa miiba. Matawi makavu ya miiba yamerundikwa juu ya tundu. Niliyasukuma kwa mgongo, suruali yangu ngumu ikanisaidia kuliko nilivyotarajia, nikatoa kichwa.

Korongo lilikuwa limenizungusha na kunirudisha nyuma ya kijiji. Hatua chache mbele yangu Mama Séraphine alikuwa anaokota mihogo yake haraka, maana matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Aliniona. Akatupa sinia.

"Yesu! Bibi ametoka!"

"Mama, miye njo Éliane!"

"Éliane gani anatoka mu udongo? Éliane iko mu korongo! Rudi kwenye ulitoka!"

"Mama Séraphine, nisaidie, miiba inanishika makalio!"

Nadhani neno hilo ndilo lililomhakikishia. Alinivuta. Nikamuuliza mzee yuko wapi, naye akaelewa papo hapo, tukakimbia wote wawili.

Tulimkuta ndani ya mdomo wa korongo, maji mekundu juu ya magoti, fimbo mbele, anaita kwa sauti iliyokwisha kabisa. "Kabange! Kabange!" Alikuwa anakwenda mbele. Huyu mtu ambaye alibaki nje utoto wake wote kwa woga.

"Niko!" nikaitikia nyuma yake.

Akageuka. Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu. Tulimshika tukamtoa, na tulipofika kwenye ukingo alinipiga fimbo moja mguuni, si kwa nguvu. Kisha akalitazama shati langu lililojaa matope, akalitazama lake lililo safi kuanzia kifuani kwenda juu. Akainama, akachota udongo, akajipaka kifuani na mabegani, taratibu, hadi tukafanana.

Tukaenda nyumbani kwa Séraphine.

Lile tundu, wanasema, lilizibwa zamani kwa sababu mbuzi walikuwa wanaanguka. Walisikia mbuzi wanalia chini, wakasema shimo halina mwisho, wakaweka miiba, na kila mwaka wanaongeza miiba mingine. Njia ya kwenda kwenye kijito inapita kando yake. Nilipowaambia kuna nini chini, Séraphine aliweka mikono kichwani akakaa chini. "Miaka yote," alisema. "Na bidoni kichwani."

Jumanne, 24 Septemba, Kalemie

Nilimwekea Eugène chupa mezani. Akaishika kwenye mwanga, akanywa. Nilingoja.

"Ni maji mazuri," alisema. "Lakini mvua ilinyesha siku gani?"

"Siku ile ile. Nilikunywa mbele ya mvua."

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyeniona. Aliendelea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Éliane, mvua ikinyesha kila shimo iko na maji. Siwezi kupeleka watoto juu ya neno la mutu mumoja ambaye anataka sana iwe kweli. Weye mwenyewe unaweza?"

Nilikwenda kushona, na uzi ulikatika mara kwa mara.

Baadaye Monique aliacha vyungu vyake, akamwendea mumewe. "Mutoto wa mama yako ametoka mu shimo na miiba mu makalio. Weye umeshindwa kupanda kilima?"

Jumapili, 29 Septemba, Mabwe

Eugène amekuja. Alipanda kilima hadi juu. Papa Kyungu alimkagua, akasema mtoto huyu ana masikio ya baba yake, akampa njia.

Wanaume wa kijiji walikuwa wameondoa miiba na kuweka ngazi ya miti. Eugène alitangulia na taa. Nilishuka nyuma yake, na moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko siku ile ya mto. Nilikuwa nimekwisha kusema yote niliyonayo. Hapakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha ila maji, na maji alikuwa ameyakataa.

Alisimama ukingoni. Akachutama. Akakaa vile muda mrefu, kama anavyokaa anapotafuta tundu kwenye wavu. Kisha akalala kifudifudi juu ya mchanga, uso karibu na maji.

"Leta taa hapa. Chini zaidi. Usitikise."

Nikaleta. Kitu cheupe kilipita, kirefu kama kidole. Kikapita kingine. Eugène alitia mkono majini polepole, vidole wazi, akangoja, akauinua. Kwenye kiganja chake kulikuwa na samaki mweupe kabisa, ngozi inapitisha mwanga. Mahali pa macho hapakuwa na macho.

"Ulijua kama wako humu?"

"Hapana. Kitu kiliniparuza tu mguu."

Akamrudisha. Akawatafuta wengine kwa mwanga, akinionyesha kwa kidole, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya zamani, ya ufukweni. "Ule njo mukubwa. Pale kuna wadogo, unaona, wanajificha mu kivuli. Na pale chini ya jiwe ni mayai." Akainuka kwenye viwiko. "Samaki hawa hawakuletwa na mvua ya wiki moja. Samaki anapoteza macho namna hii, ni kwamba baba yake, na babu yake, wote walizaliwa mu giza hii. Maji haya hayajakauka hata siku moja."

Nilikaa chini mchangani kando yake.

Tulipotoka juu alizunguka ule uwanja kati ya tundu na mihogo. Alipiga udongo kwa kisigino. Alitazama bonde. Papa Kyungu alikaa akimfuata kwa macho tu, na Séraphine alijifanya anamenya muhogo ambao ulikuwa umekwisha kumenywa. Mawingu yalikuwa yanashuka. Hatimaye Eugène alisimama mahali pamoja, akapanua mikono kana kwamba anagusa kuta mbili.

"Mulango utaangalia wapi?"

Kiangazi kizima nilitafuta maji. Mlango wa nyumba sikuufikiria hata mara moja. Nikasema bondeni. Séraphine akasema bondeni ndiko upepo unakotoka, tutakula vumbi. Papa Kyungu akasema uangalie kwake, ili aone nani anatoka na nani anaingia. Eugène akasema asubuhi anataka jua. Mvua ikaanza, na tukaendelea kubishana juu ya mlango hadi tukalowa wote.